Kibiriti Kwenye Lami ya Magu

Igogo, Mwanza
8 Juni 1997

Mdogo wangu Wilhelmina,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ungeniamkia. Huku hatujambo. Justa ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kwa pengo kutwa nzima, mwanangu huyu atanitia wazimu. Mama nilimwona Magu Jumatano iliyopita. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo. Kinachonitia wasiwasi ni jicho la kushoto, limeingia ukungu. Anasema kuku wake wote siku hizi ni weupe.

Haya, kaa chini. Nimenunua gari.

Usicheke. Si lori kama la marehemu baba. Ni kagari ka Kijapani, kadogo, kamesimama wima na kunyooka kila upande, kama mtu alichukua kabati la nguo akalitia matairi. Matairi yenyewe ni kama ya toroli. Siku nilipokaingiza Igogo watoto walikimbia nyuma wakipiga kelele "Kibiriti! Kibiriti!" na jina limeshika. Fundi Nurdin wa Buzuruga, aliyekuwa akiniita Mama Justa kwa heshima zote, sasa ananiita Mama Kibiriti.

Nimechoka kupeleka vitenge vyangu minadani juu ya migongo ya malori ya watu. Mvua ikinyesha, mali imelowa. Dereva akilewa, nalala njiani. Leseni ninayo. Nilijifunza kimyakimya tangu mwezi wa tatu. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa nimeshapata.

Jumatano hiyo nilikwenda Magu nikiendesha mwenyewe. Mama alitoka nje, akalipapasa gari kuanzia taa mpaka mlango wa nyuma, kama anavyopapasa ndama. Kisha akamtaja baba, akasema, "Ndalahwa angeona."

Nikafikiri nikwambie.

Dada yako,
Odeta

---

Tabora
29 Juni 1997

Dada Odeta,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nasahihisha mitihani ya kidato cha tatu. Mimi ni mzima. Maji ya bomba tunayapata siku moja moja, na mwalimu mwenzangu wa hesabu amehamishwa, kwa hiyo vipindi vyake ninavyo mimi. Mwambie Justa asitie ulimi kwenye pengo, jino jipya litaota upande.

Hongera kwa gari.

Umesema mama alisema baba angeona. Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Angeona nini hasa? Baba hakuwa mtu wa kushangilia gari. Lori la ushirika lilipokuja jipya, watu wa ginneri, pale inapochambuliwa pamba, walipiga vigelegele, yeye akalizunguka kimya, akainama kutazama chini, ndipo akasema "tutaonana barabarani." Nilikuwa nimemshika mkono. Hukuwepo.

Wewe magari hukuyapenda, dada. Ulikuwa ukisema yananuka. Mimi ndiye niliyepanda lori lake, mbele kando yake, msimu mzima wa pamba, Magu mpaka mjini na kurudi. Ni mimi ambaye baba alinipakata kwenye ule mnyoofu wa barabara baada ya Nyanguge, akaweka mikono yangu juu ya usukani na yake juu ya yangu, akasema siku moja utaendesha barabara hii peke yako. Leseni yangu niliipata nikiwa chuoni kwa kujinyima chakula cha mchana. Sijaendesha chochote tangu wakati huo, ila Land Rover ya shule mara mbili, mkuu wa shule akiwa mgonjwa.

Nani alikufundisha?

Naomba pia unijibu haya. Gari lina upana gani, na urefu gani kwenda juu? Juu lina keria?

Mdogo wako,
W.

---

Igogo
3 Agosti 1997

Mina wangu,

Marahaba. Tuko salama. Jino la Justa linaota, na limeota upande, kwa hiyo umeshinda. Wale wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa Magu mwaka huu, kila mmoja na mzani wake, na lori la baba limesimama nyuma ya ginneri ya ushirika likiota majani. Nilikwenda kuliangalia. Kuna mbuzi wanalala chini yake.

Alinifundisha Nurdin. Ana subira ya punda. Kila nikizima gari alisema, "Hamna neno mama, hata mimi huwa linanizimikia," na ni uongo mtupu.

Justa amelipima kwa kamba. Kwenda juu linazidi upana kwa urefu wa mkono wangu, toka kiwiko mpaka kidole. Keria Nurdin ameichomelea mwenyewe, imara sana, nafikiri hata wewe na vitabu vyako ingewabeba.

Sasa nikwambie kuendesha kwenyewe. Mjini ni raha. Linapita kati ya mikokoteni, linageuka penye nafasi ya mbuzi. Lakini ukishavuka Kisesa, lami inyooke, watu wakimbie, hapo Kibiriti hubadilika tabia. Basi likinipita hunisukuma kwanza, kisha hunivuta, halafu huniacha nikicheza peke yangu kama mlevi wa harusini. Upepo wa ziwa ukivuma naukunja usukani kidogo ili niende mbele sawasawa. Mara ya kwanza nilisali mpaka Magu. Sasa nasali mpaka Nyanguge tu.

Mama siku hizi Jumatano hukaa kwenye kigoda karibu na barabara. Ananijua kwa mlio. Jirani yake Machibya, yule anayemsomea barua, alimwambia, "Mama, mwanao wa gari huyo anakuja." Zamani walikuwa na mwanao wa shule tu. Sasa tumekuwa wawili.

Novemba tunafanya misa ya baba. Baada ya misa nitamchukua mama kwa gari, akae kwangu, nimpeleke kwa daktari wa macho. Amekubali, na si kawaida yake. Njoo, Mina.

Odeta

---

Tabora
31 Agosti 1997

Odeta,

Tumefungua shule. Mimi mzima.

Vipimo vyako nimevipata, na nimefanya jambo ambalo ningependa ulifanye wewe pia. Chukua kibiriti, kile cha moto. Kilaze juu ya kitabu, uinue kitabu upande mmoja polepole. Kitateleza, hakitaanguka. Sasa kisimamishe kwa ubavu mwembamba, uinue tena. Kitaanguka kabla hujashtuka. Halafu bandika kipande cha sabuni juu yake. Safari hii hata pumzi yako itatosha. Niliwafanyia hivyo wasichana wa kidato cha tatu. Niliwaambia hili ni gari. Mmoja akauliza, "Mwalimu, abiria wamepona?"

Kila kitu kina kitovu cha uzito. Kikiwa chini na miguu ikiwa imetanuka, kitu hutulia. Gari lako lina kitovu juu na miguu imebanana. Uzito ukiuweka chini, kwenye sakafu na kwenye viti, unalituliza. Uzito ukiuweka kwenye keria, unaliangusha. Na wewe umechomelea keria, na unafurahi kwamba ni imara.

Basi likikupita, usikanyage breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, usishindane na upepo. Na lililo kubwa kuliko yote, gurudumu likitoka nje ya lami, usilirudishe kwa nguvu. Ukingo wa lami utalishika, halafu utalitupa, na gari jembamba hubiringika. Baba alikuwa akiniambia, "Lami ukiitoka, itoke kwa heshima. Utarudi baadaye." Aliniambia mimi. Nakupa maneno hayo kwa sababu unayahitaji.

Sitaki mama apande gari hilo mpaka nitakapolikagua mwenyewe. Si kwamba nakunyima. Nurdin amekufundisha kuondoka na kusimama. Barabara ile ilikuwa na mwalimu mwingine.

Na kuhusu Machibya: mimi sikuwahi kumwomba mtu aniite mwana wa shule.

Wilhelmina

---

Igogo
12 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Marahaba hata hivyo.

Sote wazima. Mvua zimeanza mapema na hazina adabu. Justa amefanya mchezo wako wa kibiriti mezani mpaka nikakosa cha kuwashia jiko.

Keria siwezi kuiondoa, vitenge vinakaa wapi? Lakini marobota mazito nimeyashusha sakafuni, juu nimeacha mabeseni matupu. Kweli linatulia. Nimekusikia, unaona.

Maneno ya baba nimeyasoma mara nyingi. Sikuwahi kuyasikia.

Misa ni Jumamosi tarehe 22 Novemba. Mama nitamchukua siku hiyo hiyo jioni, daktari anatusubiri Jumatatu. Nimeshapanga, na mama ameshafua kanga zake. Njoo umkague mama ndani ya gari, si gari bila mama.

Odeta

---

Tabora
2 Novemba 1997

Dada Odeta,

Shikamoo. Natumaini Justa amekurudishia vibiriti. Mimi nina mafua kidogo, hakuna zaidi.

Sitaweza kufika kwenye misa. Mitihani ya kidato cha nne inaendelea na mimi ni msimamizi. Niwekee mshumaa, mmoja tu, usiandike jina.

Umefanya vizuri kushusha marobota.

Mama naye nimemwandikia juzi. Salamu tu.

Mdogo wako,
Mina

---

Tabora
4 Januari 1998

Dada Odeta,

Shikamoo. Krismasi imepita bila neno lako, na mwaka mpya umeingia. Nimejiambia ni reli. Mvua imekata njia sehemu nyingi, mifuko ya barua imelala stesheni. Walimu wengine nao hawajapata kitu kutoka kwao, isipokuwa mmoja, naye nilimwonea wivu mpaka nikaondoka chumba cha walimu.

Sikuenda nyumbani likizo hii. Nimebaki na chumba changu, na mvua, na lile jaribio la kibiriti ambalo mikono yangu inalirudia bila kuagizwa. Nimekisimamisha mara nyingi na nimekipulizia kwa kila upande. Nataka kujua kama misa ilikwenda vizuri. Nataka kujua mama alipanda gari au hakupanda. Nataka kujua daktari alisema nini kuhusu jicho. Haya ni maswali matatu, na unaweza kuyajibu kwenye mstari mmoja.

Kama umenikasirikia, andika kwamba umenikasirikia. Nitajua angalau mkono wako unaandika.

Mina

---

Igogo
15 Februari 1998

Mdogo wangu Mina,

Marahaba. Barua yako ya Januari ilifika Jumanne iliyopita, ile ya Novemba niliipata kabla ya misa. Justa ameingia darasa la pili na anajua kuandika jina langu, analiandika hata kwenye unga. Mama hajambo, jicho ni lile lile. Mimi sijambo sasa. Sikukujibu kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umefungwa, na hasira ilikuwa haijafungwa.

Nitakueleza kwa mpangilio, usiruke mistari.

Misa ilikuwa nzuri. Padri alilitamka jina la baba lote. Mshumaa wako niliuwasha. Baada ya chakula tukaanza kupakia. Unamjua mama, mtoto haondoki kwake mikono mitupu, na safari hii yeye mwenyewe alikuwa anakuja kukaa kwangu, hakutaka isemwe amekwenda mjini kula vya watu. Mpunga magunia mawili, michembe gunia zima, kavu kabisa, ya viazi vya mwaka huu, na tenga la kuku. Ndani palikuwa pa watu, mama mbele, Justa na mjomba Shimba nyuma. Kwa hiyo mzigo ulipanda juu. Nilikumbuka sabuni yako. Nikajiambia, leo watu wazito wako chini, litatulia, nitakwenda taratibu. Machibya akafunga kamba.

Nikafungua mlango wa mbele. "Mama, karibu."

Hakusogea. Jumuiya nzima imesimama pale, na sahani mikononi. Akasema, "Mwanangu, mimi sipandi."

"Kwa nini tena, mama?"

"Mwalimu amekataza."

"Mwalimu gani?"

"Kwani tunao wangapi?"

Machibya akaanza kukagua kamba zake upya. Ndipo nikajua zile salamu tu zilisomwa na nani, na mbele ya nani. Baadaye aliniambia uliandika hivi: mama, ukipanda gari hilo utanifanya yatima mara ya pili. Mwanamke mmoja akasema, "Odeta, basi kibiriti chako kipeleke jikoni." Wakacheka. Hata mjomba Shimba alicheka, halafu akakumbuka kwamba ana ng'ombe wa kutazama. Mama akamshika Justa bega. "Na mtoto abaki."

Niliingia nikawasha. Mzigo sikuushusha. Fikiria hapo, wewe uliyesoma. Ndani mtupu, kichwani magunia. Mama angepanda angekuwa uzito wa chini. Uliandika mwenyewe.

Nilikuwa nakwenda mbio. Njia nzima nilikuwa nagombana nawe kwa sauti, ulikaa kwenye kiti cha mama. Mbele ya Nyanguge basi likanipita, refu, halikwisha. Likanisukuma, na gurudumu la kushoto likatoka kwenye lami. Kwa mbele lori lilikuwa linakuja. Mikono yangu ilitaka kuurudisha usukani kwa nguvu zote. Na kwa kuwa nilikuwa katikati ya kukujibu, nikakusikia. Lami ukiitoka, itoke kwa heshima.

Nikatoa mguu. Nikashika kwa mikono miwili, nikakiacha kiende. Kikatelemka tuta, kule chini kikasimama kidogo kama kinafikiri, kisha kikalala ubavu ndani ya jaruba la mpunga, polepole, kama ng'ombe mzee. Bega lilichomoka kwa sababu sikukubali kuuachia usukani. Kuku walitoka wazima. Michembe ilielea.

Wapanda mpunga wakaja na matope yao magotini. Walikiinua kwa mikono tu, Mina, "haya moja, haya mbili," kikasimama. Mmoja akaniuliza, "Dada, hili ni gari au sanduku la nguo?" Nilicheka nikalia.

Sasa nisikilize. Maneno yako yaliniokoa na maneno yako yalinitoa Magu na magunia kichwani. Ulikuwa sahihi na ulikuwa na wivu. Nimechoka kuvitenganisha.

Na kuhusu mimi kutopenda magari. Nani alikwambia? Nilimwomba baba. Akasema, "Wewe una mikono ya kazi, mwache Mina acheze." Nilipoacha shule nikaanza kuuza samaki ili ada yako ipatikane, hakuna aliyeniuliza napenda nini. Msimu ule wa pamba nilikuwa nasimama kando ya barabara na ndoo kichwani kila lori lilipopita. Baba alikuwa akinipungia mkono. Wewe ulikuwa juu pale pembeni yake, ukitazama mbele.

Usinijibu kwa fizikia.

Odeta

---

Tabora
8 Machi 1998

Dada Odeta,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba Justa anaandika jina lako.

Sikukuona. Nimejaribu kukumbuka ndoo, au rangi ya gauni, na sipati kitu. Nilikuwa nikitazama mikono ya baba. Niliogopa kwamba nikitazama pembeni nitaikosa siku atakayoniachia usukani wote.

Niliandika ile barua ya mama kwa dakika chache, bila kufuta neno. Barua zako huwa nazianza upya mara tatu.

Bega lako lipashwe kwa kitambaa cha moto, asubuhi na jioni. Hii si fizikia.

Mina

---

Igogo
26 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Bega limerudi nyumbani. Justa jana kapigana na mtoto wa jirani aliyesema gari letu lilizama, kaniambia, "Nilimwambia halikuzama, lililala."

Nurdin amelinyoosha ubavu, ila mlango wa kushoto unafungwa kwa kupigwa teke. Keria tumeikata. Nilimpelekea mama, ameigeuza juu chini, kuku wanalala humo.

Kuhusu daktari, mama amesema hapandi mpaka Mwalimu aje alikague. Nimemwambia hiyo ni haki yako. Likizo ya mwezi wa sita njoo. Sitakupokea stesheni, nitakutumia Nurdin, mimi nina mnada. Funguo zitakuwa kwenye chupa ya chai, juu ya kabati.

Odeta

---

Tabora
19 Julai 1998

Dada Odeta,

Shikamoo. Nimefika salama, treni ilichelewa Isaka lakini nilipata kiti. Chumba kilikuwa na vumbi. Yale matobolwa, viazi vyetu vikavu, mliyonifungia nimewagawia wasichana, na yule aliyeuliza kuhusu abiria nilimpa mawili. Nimemwambia wamepona.

Kuna jambo la siku ile ya kumrudisha mama Magu hulijui, kwa sababu ulikuwa umelala. Nimelibeba mpaka huku na sioni kwa nini ulikose.

Unakumbuka tulivyopanga. Mama mbele, jicho alilopasuliwa na daktari limefungwa bandeji na lile lingine halioni mbali. Wewe na Justa nyuma, mchele na sukari ya mama sakafuni chini ya miguu yenu. Ulinipa usukani Kisesa, ukasema umechoka. Nilijua hukuchoka. Nilikagua matairi mbele ya watu wote waliokuwa pale sokoni, moja moja, kwa sababu nilitaka wanione, na nilipoinama kutazama chini ya gari nilikuwa namtazama baba akifanya hivyo. Ukacheka kidogo. Halafu ukalala kweli, umeegemea kichwa cha Justa.

Gari ni kama ulivyoandika. Linasukumwa, linavutwa, linaachwa. Nilikuwa nimeliandikia kurasa nyingi kabla ya kuligusa, na bado lilinishtua. Lakini uzito ulikuwa chini, na baada ya kitambo mikono ilielewa. Nikaingia kwenye ule mnyoofu. Nilikuwa nimeungoja tangu nikiwa na miaka tisa, dada. Barabara ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho, mpunga umevunwa pande zote mbili, na mama pembeni yangu. Nikafikiri, sasa. Nikakanyaga mafuta. Nilitaka mama aone. Nilitaka aseme lile neno alilokwambia wewe, kwamba baba angeona.

Mama aligeuza ule uso wake wenye bandeji upande wangu. Akaweka mkono juu ya goti langu, bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyezoea kuuweka pale.

Akasema, "Odeta, mama, punguza mwendo."

Nilitazama kwenye kioo. Ulikuwa umelala, mdomo wazi, na Justa amekutegemezea bega lake.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nikapunguza.

Mina